Mwalimu na Mashine Isiyorudisha Vyombo

Mtu aliyemjua Mwalimu hakupiga hodi mlangoni kwake asubuhi. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye kisima cha maji ya mvua, akamkuta amekaa juu ya mfuniko wa saruji, laptopu mapajani, sweta limefungwa vifungo vyote mpaka kooni na kofia ya kufuma imeshuka mpaka masikioni. Ukungu wa Newala ulikuwa bado haujaondoka, lakini yeye alikuwa ameshafika kazini. Mtandao ulishika pale tu. Ukisogea kuelekea jikoni unapungua, ukiingia sebuleni ndiyo usahau kabisa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Zawadi. Usinisemeshe kidogo, nimeshika uzi."

Basi nasimama namsubiri. Kusimama sioni taabu, ilimradi nisimame karibu na kwangu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina baraza langu ninapouza mbaazi na unga wa muhogo, nina kiti changu, na mtu akinialika harusi Lupaso mimi naanza kuumwa tangu kadi ikiwa bado mkononi mwake. Kwa hiyo Mungu aliponipa jirani ambaye naye hatoki, nilishukuru. Tulikuwa watu wawili tusiokwenda popote, tukitembeleana kwa kuruka uzio.

Mtaani kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu ile laptopu. Baba Hamisi, jirani wa upande wa pili, aliamini kabisa kwamba Mwalimu anazijua bei za korosho kabla ya mnada, na kila msimu alikuwa anamletea mabibo kwenye ndoo kwa matumaini. Mwalimu anayapokea, anashukuru, anakula, na habari ya bei hatoi. Baba Hamisi anarudi nyumbani akisema, "Mzee yule ana siri nzito." Wengine walisema anacheza bahati nasibu. Mimi nilisema anaandika wasia, maana alikuwa anaandika kidogo sana halafu anafuta.

Kumbe kazi yake ilikuwa kuziba mivujo ya kompyuta. Alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka alipostaafu, na hapo katikati shule yake ilipewa kompyuta zilizotumika. Walimu wenzake walizifunika vitambaa vya kudarizi kama runinga za bibi harusi. Yeye akazifunua. Nimekwisha kueleza elimu yake yote hapo, mengine atajijua mwenyewe.

Siku moja nilimbana jikoni kwangu. Nilikuwa nachambua kisamvu, yeye amekaa kwenye kibao cha mbuzi akisubiri chai.

"Mwalimu, mimi nilisoma mpaka kidato cha nne. Hebu nieleze kinachovuja. Kompyuta ina maji?"

"Haina maji, ina nafasi," alisema. "Kila mashine ina programu moja kubwa inayozitawala nyingine zote. Huo ndio mfumo endeshi. Na ndani yake kuna kiini, wenyewe wanakiita kerneli. Huyo kerneli ndiye mwenye ghala. Programu yoyote ikitaka nafasi ya kumbukumbu ya kufanyia kazi, inakwenda kumwomba yeye."

"Kama watu wa mtaa huu wanavyokuja kuniazima sufuria."

"Hasa. Sasa, mtu akiazima sufuria kwako kisha akahama mji, utafanya nini?"

"Nitakwenda kuichukua kwenye nyumba aliyoiacha."

"Na kerneli naye hufanya hivyo. Programu ikifa bila kurudisha, yeye anakusanya vyake vyote. Hakuna kilichoharibika. Lakini tuseme msahaulifu ni mwenye ghala mwenyewe. Anatoa sufuria zake, anazitumia mwenyewe kwa shughuli zake, halafu hajui alikoziweka. Nani atamkusanyia?"

Nikafikiri huku nachambua. "Hakuna."

"Hakuna. Ghala linapungua, linapungua, mpaka siku moja anaombwa kijiko hana. Mashine inasimama. Huo ndio mvujo ninaoutafuta mimi. Msimbo wa kerneli hiyo uko wazi, mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuusoma na kutuma marekebisho. Marekebisho yanaitwa kiraka. Changu kinaiambia mashine: umeomba chombo, umekitumia, sasa kirudishe. Ndiyo kazi yangu yote."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu msafi kabisa. Na hapo lazima niseme jambo ambalo mtaa mzima ulilijua isipokuwa yeye. Nyumba ya Mwalimu ndiyo iliyokuwa shimo la vyombo vya Newala.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nikikuletea kisamvu kwenye bakuli, unaniwekea chochote ndani ndipo urudishe, hata ndimu mbili, hata chumvi. Sasa Mwalimu alikuwa mjane asiyepika. Watu walikuwa wanamhurumia na kumpelekea chakula. Anakula, anaosha bakuli vizuri, analipanga kabatini, anasubiri siku atakapokuwa na kitu cha kutia ndani. Siku hiyo haiji. Kurudisha kitupu anaona haya, cha kutia hana, basi bakuli linakaa. Kabati lilijaa, meza ikajaa, na dirisha la chumba cha wageni nalo likaota sahani. Bakuli langu la maua mekundu nililiona kule, limepumzika juu ya sinia la mama mmoja wa Chilangala aliyekuja mara moja tu kuhani msiba.

"Mwalimu," nilimwambia palepale kwake, "ghala la mtaa linakaribia kusimama."

Alitazama bakuli, akanitazama mimi, akatazama sahani za dirishani. Sijapata kuona mtu anasahihishwa mtihani wake mwenyewe namna ile.

Kesho yake akaanza kurudisha. Alifanya kwa bidii ya aliyetubu, na bidii hiyo ikawa mbaya kuliko dhambi. Alipita nyumba hadi nyumba na toroli, kwenye kila chombo ametia kipande cha sabuni ya kufulia, maana ndicho alichokipata dukani. Alipofika kwa Baba Hamisi alikuta hotipoti mezani, akakumbuka kwamba ni ya mama wa nyumba ya chini. Kweli ilikuwa ya yule mama. Lakini Baba Hamisi alikuwa ameshaiazima tena kwa njia zake, na ndani mlikuwa na wali wa wageni waliokuwa wananawa mikono uani. Mwalimu akaibeba, akairudisha kwa mwenyewe. Wageni wakaketi mbele ya meza tupu, huku mama wa nyumba ya chini akimshukuru Mungu kwa Mwalimu aliyejifunza kupika.

Ninalisema hili kwa sababu kosa hilohilo alilifanya kwenye kerneli, na katika wakati mbaya kuliko wote.

Wakati wenyewe ulikuwa huu. Binti yake, Fadhila, mfanyakazi wa ofisi huko Dodoma, alikuja kumsalimia akamkuta peke yake juu ya kisima na ule ukungu. Hakupenda. Alisema mtu mzima wa umri ule hakai peke yake nyumba nzima, na kwamba kaka zake nao wameshasema, na chumba chake huko Dodoma kipo, kimepakwa rangi.

"Siwezi kuhama, nina kazi," Mwalimu alisema.

"Kazi gani, Baba? Kazi ina mtu aliyekupa."

"Hii haina aliyenipa. Ina wanaoipokea."

"Wamepokea ngapi?"

Mwalimu akashusha kofia yake, maana alikuwa bado hajapokelewa hata kiraka kimoja. Fadhila si binti mkorofi. Alikaa kwenye mkeka wangu akanywa uji wangu, akatoa hukumu kwa upole. "Nitakuja tena korosho zikiisha. Kama hao watu wako watakuwa wameipokea kazi yako, mimi nitanyamaza. Kama hawajaipokea, unafunga mzigo."

"Sawa," alisema Mwalimu, kama mtu aliyepewa swali la hesabu. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Nilimwombea kwa moyo safi kabisa, ila moyo huo ulikuwa unajifikiria wenyewe. Akiondoka yeye, nitaruka uzio kwenda kwa nani? Kwa Baba Hamisi nikazungumze bei za korosho?

Mvujo aliokuwa anaufukuzia ulitoka palepale shuleni kwake. Kompyuta kubwa ya chumba cha kompyuta, ile inayozihudumia nyingine, ilikuwa inazidiwa pole pole kisha inasimama. Walimu vijana walikuwa na dawa moja, kuzima na kuwasha. Mwalimu alikuwa anaumia akisikia hivyo. "Ukizima, umefuta ushahidi," anasema. "Ni kama daktari anampiga mgonjwa rungu ili asilalamike."

Cha kuchekesha ni kwamba mashine hiyo ilikuwa na ugonjwa huo tangu ilipofika, na hakuna aliyejua, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika kabla ghala halijaisha. Umeme ukirudi, mashine inaanza upya na ghala lake limejaa. Tuliutukana umeme miaka yote ile, kumbe ndio uliokuwa muuguzi. Umeme ulipoanza kutulia ndipo ugonjwa ulipojitokeza.

Alipewa ruhusa ya kuichunguza, akawa anatoka kisimani anakwenda shuleni, anarudi kisimani. Akaja kugundua kwamba tatizo liko kwenye kipande cha msimbo kinachoendesha kadi ya mtandao, kadi ya zamani isiyotumiwa na watu wengi tena. Alinieleza huku anatembea uani kwangu, kuku wanampisha.

"Kile kipande kinaomba sahani, kinapewa. Kisha kinaomba mwiko. Kikipewa mwiko kinapika, kinamaliza, kinarudisha vyote viwili. Vizuri sana. Lakini kikinyimwa mwiko, Mama Zawadi, kinasusa. Kinaondoka kwa mlango wa nyuma na sahani mkononi."

"Na hao wazungu walioiandika kerneli hawakuliona hilo?"

"Siyo wazungu tu, wamo wa kila namna. Hawakuliona kwa sababu kwao mtandao haukatiki. Mlango wa nyuma hakuna aliyewahi kuupita. Sisi hapa mtandao unakatika na kurudi kutwa nzima, na kila ukirudi kile kipande kinaomba upya, kinanyimwa, kinasusa. Sisi ndio tunaoishi kwenye mlango wa nyuma."

Alilisema kwa furaha kubwa. Nilikuwa sijapata kumsikia mtu akiusifia mtandao wetu.

Akaandika kiraka, mistari michache tu kwa jinsi nilivyoona, akakitia kwanza kwenye mashine ya shule kujaribu. Zamani mashine ilikuwa inachukua siku kadhaa kusimama. Kwa kiraka cha Mwalimu ilisimama kabla mwalimu wa zamu hajamaliza kufunga mlango. Alikuwa amerudisha sahani, ndiyo, lakini sahani yenyewe ilikuwa bado inaliwa na kipande kingine.

"Hotipoti ya Baba Hamisi," nilimwambia.

"Usinikumbushe."

"Na wali ndani."

"Mama Zawadi, chai yako inaungua."

Akarekebisha. Safari hii mashine haikusimama. Akaiacha iwake, akawa anakwenda kuitazama kama mtu mwenye ng'ombe anayekaribia kuzaa. Ghala halikupungua. Ndipo akatuma kiraka kwa wale watu wa kerneli, kwa barua pepe, maana ndivyo wanavyopokea, kila mtu anasoma na kila mtu ana ruhusa ya kukosoa.

Sasa nimseme kidogo Mwalimu kuhusu kukosolewa. Huyu ni mtu ambaye darasani alikuwa anairudisha hesabu sahihi kwa sababu mwanafunzi hakupiga mstari chini ya jibu. Zawadi wangu alifundishwa naye, alirudi nyumbani siku moja analia, jibu lake ni sahihi na amepewa sifuri. Nilikwenda kumwuliza, akaniambia, "Jibu lisilovaa nguo siwezi kulitazama." Basi jibu la kwanza kutoka kwa msimamizi wa sehemu ile ya kerneli lilipofika, Mwalimu alilisoma mara nyingi juu ya kisima, kisha akaja kwangu amekunja uso.

"Wamekataa?"

"Wanasema marekebisho yanaonekana sawa."

"Sasa?"

"Mstari mmoja wa maelezo yangu ni mrefu mno. Na nimeweka nafasi mahali pasipotakiwa. Wanasema nirudie."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Nilimwita Zawadi kwa simu, huko aliko Masasi, nikamwambia dunia imelipa. Zawadi naye akacheka, akaomba apewe Mwalimu azungumze naye. "Shikamoo, Mwalimu. Pole. Jitahidi uandike kwa usafi." Mwalimu akaitikia marahaba, akarudisha simu, akaniambia yule mtoto alikuwa na akili tangu zamani.

Alirudia. Wakamwuliza amejaribu kwenye mashine gani, kwa muda gani. Akajibu. Wakamwuliza kwa nini mtandao unakatika namna hiyo. Akajibu kwa urefu, nadhani alijibu kwa urefu kupita kiasi, maana alitaja mpaka mvua. Kisha wakanyamaza. Korosho zikaanza kuokotwa, watu wakawa mashambani kutwa, mtaa ukanuka mabibo. Wakanyamaza. Magunia yakaenda ghalani, wenye pikipiki mpya wakaanza kutupigia honi. Bado wakanyamaza. Mwalimu hakulalamika. Alikuwa anafungua laptopu, anatazama, anafunga, anasema, "Watu wana kazi zao." Lakini nilimwona ameanza kugawa vitu. Alimpa Baba Hamisi toroli. Mimi alinipa kamusi yake, akidai ina vumbi linalomkohoza.

Kamusi niliipokea, nikaiweka ndani. Sikuifungua.

Fadhila akaja kama alivyosema. Aliingia na basi la Masasi, mkononi ana begi tupu la matairi la kubebea nguo za baba yake. Alinisalimia, nikamkaribisha, lakini macho yangu yalikuwa kwenye lile begi. Mwalimu alikuwa kisimani. Tukazunguka nyuma sote wawili.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umechoka?"

"Sijambo. Je, wamejibu?"

"Bado."

Alijibu bila kuzunguka. Fadhila akasimamisha begi. Hakuonyesha kushinda. Alikaa kwenye ukingo wa kisima karibu na baba yake, wakazungumza habari za wajukuu, na nikawaletea ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, wakala. Alasiri hiyo wakaanza kupanga nguo. Mimi nilikuwa nakunja mashuka na kuyakunja vibaya makusudi, ili yakunjwe tena.

Mwalimu akatoka kwenda kutazama mara ya mwisho, ndivyo alivyosema. Alikaa huko. Tulipotoka tulimkuta amevua kofia.

"Soma wewe," akampa Fadhila laptopu. "Macho yangu yanaweza kuwa yananipendelea."

Fadhila akasoma kwanza kimya, kisha akatufasiria. Msimamizi alikuwa anaomba radhi kwa kuchelewa. Alisema kiraka kimepokelewa, kitaingia katika toleo lijalo, na kwamba mvujo huo ulikuwamo humo kwa miaka mingi bila mtu kuuona. Mwisho aliandika asante, akamtaja kwa jina lake kamili.

Fadhila alirudia kusoma lile jina. Akamwekea baba yake mkono begani, akasema, "Hongera, Baba. Kumbe kweli ni kazi." Macho yake yalikuwa yamelowa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulitazama lile begi kwa dharau.

Kisha Fadhila, ambaye hesabu amerithi kwa mtu, akafikiri kidogo.

"Nilisema nitanyamaza, na nitanyamaza. Lakini niulize moja tu. Mashine ya shule imeshapona?"

"Imepona."

"Na kazi hii unaifanya kwa laptopu na mtandao?"

"Ndiyo."

"Dodoma mtandao upo mpaka bafuni, Baba. Si ungefanya vizuri zaidi?"

Nilimtazama Mwalimu nikasubiri. Aliangalia laptopu, akaangalia paa, akaangalia upande wa barabara. Muda wote ule alikuwa amethibitisha kwamba ana kazi, na sasa uthibitisho wake mwenyewe ulikuwa unambebea mizigo.

"Fadhila," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Sitaki kwenda."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu. Nataka kukaa hapa."

Fadhila akalitazama begi lake. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo kichwani.

"Baba, ungesema hivyo mara ya kwanza nisingekaa na nauli ya watu wawili. Mimi na kaka zangu tulidhani unataka kuja ila unaogopa kutusumbua. Ndiyo maana kila ukitaja kazi tulikuwa tunazidi kukubembeleza."

"Nilidhani haitoshi kusema hivyo."

"Kwa mwanao?"

Mwalimu akavaa kofia yake, akaivua tena. Fadhila akatoa simu kwenye mkoba, akaiinua mbele ya uso wa baba yake. "Sema tena nikurekodi, niwatumie kaka zangu. La sivyo watasema nimekutelekeza."

Mwalimu akasimama. Akakaza kola, akakohoa, na kwa sauti ile ya darasani ambayo ilikuwa inasikika mpaka uwanja wa mpira akasema yeye hataki kuhama Newala. Kisha akainama kidogo kuelekea kwenye simu.

"Nitoe na sababu?"

"Hapana, Baba," Fadhila akasema. "Imetosha."